Barua ya Chumvi Isiyofika London

Jina la Mwenyezi Mungu litangulie, kisha mimi Mbarak nifuate na uchafu wangu. Sogeeni, wanangu. Fatimah, niinulie mto. Hapana, ushushe, shingo inakataa. Fahim, wewe ndiye mwenye nyumba, zima hiyo mashine ya joto inayonguruma, nitajifunika. Na Sumayya, mjukuu wangu, weka simu yako hapa kifuani inirekodi, na ukitaka kuuliza uliza kwa Kiingereza chako, bora msinikatize sana, maana pumzi zenyewe ni chache.

Mali haina maneno. Nyumba ya Mombasa mtaigawanya kwa mafungu ya dini yetu, na kanzu zangu apewe atakayezitaka. Kinachoninyima utulivu ni kaburi. Mmeniwekea nafasi ubavuni mwa mama yenu, Mwanakombo, na mimi sijui kama nastahiki kulala pale. Nataka mniamulie nyinyi, lakini baada ya kunisikia.

Mwajua nilikuwa karani wa taipu Nairobi, zama za Waingereza, katika ofisi ya mwanasheria mmoja wa serikali. Nilichokuwa nikipiga hamkijui. Sheria ikishapita barazani na Gavana akatia sahihi, watu walidhani imekwisha, kumbe bado ina safari. Nakala zake zilipelekwa London kwa Waziri wa Makoloni, na kila sheria ilifuatana na ripoti: imekusudia nini, imebadili nini, nani ameipinga, na kama mwanasheria aona Malkia ana sababu yoyote ya kuitangua, kwa kuwa uwezo huo alikuwa nao. Ripoti hizo nilizipiga upande wa kulia wa karatasi, nusu ya kushoto nikaiacha wazi, ili wakubwa wa kule waandike maoni yao. Nilikuwa hodari, sikosei herufi, nikajiona mtu.

Mwaka wa hamsini na sita ikapita sheria ya chumvi. Kwetu Kidongoni wanawake walichemsha chumvi tangu bibi zangu hawajazaliwa. Sheria ikasema ufuo wote ni wa kampuni moja, na atakayeonekana na sufuria pale ashitakiwe. Kabla ripoti haijaondoka ikaja barua, Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na chini yake majina arobaini na matatu, kila jina na alama ya kidole gumba. Mwanasheria akaigeuza juu chini, akacheka, akaniita, "Mbarak, wewe mtu wa pwani, hii yasemaje?"

Mwandiko niliujua kabla sijasoma neno. Ulikuwa wa Mwalimu Bwanaheri, aliyenifundisha kusoma, babu yenu mzaa mama yenu, ingawa wakati huo sikuwa nimemposa bintiye. Aliandika kwa adabu kwamba wanawake hawa hawana kazi nyingine, na kwamba Malkia, naye ni mwanamke, aambiwe. Kisha mwishoni, kwa kuniamini, akaongeza: "Muulizeni kijana wetu Mbarak, yumo humo ofisini mwenu, atawaeleza yote."

Zilikuwa siku za Hali ya Hatari, zama za Mau Mau. Karani akishukiwa asubuhi, adhuhuri humwoni tena. Nikamwambia, "Ni salamu tu, bwana. Wanaiombea serikali dua." Akanipa niitie failini, nami nikaitia mfukoni. Nikakaa kwenye mashine nikapiga, bila kukosea herufi, kwamba hakuna pingamizi lililopokelewa. Baada ya miezi jibu likaja kuwa Malkia hataitangua.

Umesema nini, Sumayya? "Why, Babu?" Niliogopa, mjukuu wangu. Sina sababu nyingine iliyo nzuri zaidi. Na wewe Fahim usinipoze kwa kusema London wasingejali. Hayo nimejiambia mwenyewe miaka yote na hayajaniletea usingizi. Huenda ni kweli. Lakini hawakuambiwa, na aliyezuia wasiambiwe ni mimi.

Wanawake wawili walifungwa kwa ajili ya sufuria. Bwanaheri kila Ijumaa akitoka msikitini alipitia ofisi ya DC, mkuu wa wilaya, kuuliza kama jibu la barua yake limekuja. Nilipomposa binti yake alifurahi kupita kiasi. Akafa akiamini Malkia amesoma akanyamaza, na mama yenu akairithi chuki hiyo. Mwaikumbuka siku ya maziko ya Malkia, sote tumekaa sebuleni hapa Blaine, Marekani, alivyonyakua rimoti akazima televisheni: "Hakumjibu baba yangu." Mkacheka. Mimi nilikuwa kwenye kochi lile lile, nimeshika kikombe cha chai, nikamwambia amwache marehemu apumzike. Miaka sitini na mitatu ya ndoa, na hata wodini kule hospitali ya Maplewood, ameushika mkono wangu, sikusema. Naona haya, wanangu. Naona haya mpaka mifupani.

Maji... basi, yatanipalia.

Barua ipo, ndani ya bitana ya sanduku langu. Fatimah, wewe chuo cha Kurani ulihitimu, herufi hizo wazijua. Msingoje theluji iyeyuke. Kesho nendeni kaburini kwake mkamsomee yote, na majina yote, kisha mumwambie nani aliificha. Msiseme baba alikuwa kijana. Nakala ipelekwe Kidongoni, isomwe mbele ya watu. Mkishamaliza, mkiona nizikwe ubavuni mwake, nizikeni. Mkiona sistahiki, nilazeni popote, sitawanung'unikia. Ubavuni pale nimelala miaka yote hiyo bila kumwambia. Sitaki kulala tena kwa kumwibia.

Radhi zangu mnazo, nyote, na watoto wenu. Mungu awape moyo wa kusema mambo yangali na faida. Awa... awape...

Nani anafungua sanduku? Fatimah? Nimesema kesho, kwake, si kwangu. Haya, mwanangu. Soma. Taratibu. Ukifika jina la tatu... hapo wino ulipotapakaa... utulie kidogo. Hicho ni kidole cha mama yangu.