Maisha ya Fundi Pimamaji, na Kwa Nini Tumekaa Nje ya Kanisa

Mchungaji, wazee wa kanisa, ndugu, majirani na mafundi mliofanya kazi na marehemu, poleni kwa msiba na poleni kwa jua. Mimi ni binti yake wa pili, yule wa sauti ya pili kwenye kwaya. Familia imenipa kazi ya kusoma habari za maisha ya baba yetu. Mama ameniomba nisome taratibu na nisigombane na mtu. La kwanza nitajitahidi.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Pimamaji, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya tanuri la matofali alikofanya kazi babu yetu. Alikuwa mtoto wa nne kati ya sita. Shangazi, mdogo wake aliyekaa hapa mbele, anasimulia kwamba alichelewa kutembea kwa sababu alikuwa anaikagua sakafu kwanza. Alibatizwa akiwa mchanga, akapata kipaimara akiwa na miaka kumi na minne, na tangu hapo hakukosa ibada ya Jumapili ila kwa ugonjwa.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1959 hadi 1965. Hakuwa hodari wa hesabu za ubaoni, na mwalimu wake alimwambia waziwazi kwamba kichwa chake kimejaa udongo. Mwaka 1967 alijiunga na chuo cha ufundi, akahitimu uashi mwishoni mwa 1969. Alirudi nyumbani na cheti, mwiko, na pimamaji lake la kwanza, ile rula ya mbao yenye kichupa cha maji ndani, ambayo kiputo chake kikikaa katikati unajua kitu kimelala sawa. Akaanza kupima kila kitu. Alipima meza, alipima kitanda cha bibi, na siku moja alipima mimbari wakati mhubiri bado yuko juu yake. Jina likamganda.

Kazi aliifanya kwa miaka hamsini. Alijenga shule, maghala, zahanati, na nyumba za watu ambao leo wamo humu uwanjani. Hakuwa na maneno mengi akiwa kazini. Fundi akilaza tofali vibaya, baba hakumfokea. Alilitoa, akaliosha, akamrudishia mkononi. Mwanzoni mwa 1976, akiwa hajatimiza hata miaka ishirini na mitano, wazee wa wakati ule walimkabidhi kazi kubwa kuliko zote, kujenga kanisa hili lililo nyuma yangu pamoja na roshani yake ya kwaya.

Tarehe 11 Septemba 1976, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa na mama yetu ndani ya kanisa hilihili. Ilikuwa ibada ya kwanza kufanyika humo. Mama alikuwa mshonaji, binti wa karani wa reli. Siku ya kujitambulisha ukweni, baba aliona picha ya ukutani imeinama. Akavumilia salamu, akavumilia chai, mwishowe akasimama akainyoosha. Baba mkwe akauliza, "Kijana, umekuja kuoa au kukarabati?" Baba akajibu, "Shikamoo mzee, naweza kufanya vyote." Wakampa mke.

Hapa habari za ndoa na habari za kazi zinaingiliana, na marehemu mwenyewe aliagiza zisomwe pamoja, mbele ya watu wote.

Roshani ya kwaya inabebwa na boriti moja ndefu ya zege, kutoka ukuta huu hadi ule. Zege likimwagwa hushikiliwa na mbao, na chini ya mbao husimamishwa magogo ya kuzitegemeza, mpaka likomae. Hiyo ni kazi ya wiki nne, na hakuna fundi asiyejua. Boriti ile ilimwagwa mvua ikiwa imeshachelewesha kazi. Harusi ilikuwa imepangwa, wageni wako njiani, na baba alikuwa amemwahidi mama kwamba kwaya itamwimbia kutoka juu. Basi boriti ikiwa na wiki mbili hivi, wenzake wakiwa wamekwenda kula, aliyagonga magogo yale kwa nyundo moja baada ya jingine akayatoa. Alisema alisikia sauti ndogo, kama mtu anayevunja kijiti. Boriti ilikuwa imeshuka kidogo katikati, na chini yake ukatokea ufa mwembamba kama unywele. Akaupiga plasta mpaka ukapotea, akapaka rangi nyeupe. Akaoga, akavaa suti, akaoa.

Iko picha ya harusi ile, mmeiona kwenye jalada la ratiba. Mama anatazama kamera. Baba anatazama juu. Miaka yote tulidhani ni uchaji.

Walijaliwa watoto wanne, na alitulea kwa upendo na kwa masomo ya ajabu ajabu. Kaka yetu mkubwa aliwahi kuvunja kikombe cha mama, akakiunganisha kwa gundi, akakirudisha kabatini kimya kimya. Baba alikigundua siku hiyohiyo. Hakumchapa. Alikiweka mezani, akatuita wote, akamimina chai ya moto. Kikombe kikaachia, chai ikatiririka mpaka miguuni kwetu. Akasema, "Mmeona? Hakikuwa kimepona. Kilikuwa kimenyamaza tu." Kisha akatuombea, akatusihi tusimfiche Mungu kitu kwa kukipaka rangi, kwa sababu yeye hutazama chini ya rangi. Aliomba kwa muda mrefu, macho ameyafumba, jasho linamtoka. Sisi tulidhani anasema na kaka. Kumbe kaka alikuwa amepona kitambo, aliyekuwa anaadhibiwa pale ni mwingine.

Mwaka 2019 paa lilivuja kwa msimu mzima, na maji yakapita mpaka kwenye boriti. Jumapili moja baba aliinua macho akaona doa la rangi ya kahawia limejitokeza kwenye nyeupe. Wengine mliona uchafu. Yeye aliona kutu, na akajua kwamba ule ufa ulikuwa umeyapitisha maji hadi kwenye nondo, zile fimbo za chuma zinazolishika zege kwa ndani. Wiki iliyofuata, wakati wa shuhuda, alisimama akasema yote. Alitaja magogo, plasta, na harusi. Mama alikuwa ameketi kando yake, na ndiyo mara ya kwanza aliyasikia. Alimshika mkono akamwambia, na sisi wa nyuma tulisikia, "Kumbe ulikuwa unaangalia juu kwa ajili hiyo. Mimi nikajua unaniombea."

Kanisa lilimpokea vizuri, lazima niseme. Watu walilia, walimkumbatia, tukaimba. Mzee mwenyekiti wa kamati ya ujenzi alimwekea mikono mabegani akamwambia, "Fundi, Mungu ameshasahau, na sisi tumesahau."

Baba akamjibu, "Asante, mzee wangu. Mungu aisahau dhambi yangu. Nyinyi msiisahau boriti."

Watu wakacheka. Nilicheka na mimi.

Alidhani akiungama, kesho yake roshani itafungwa. Haikufungwa. Alipowauliza wazee, walimwambia asiendelee kujitesa, kwamba adui anamrudishia hatia ambayo msalaba umeshaiondoa. Alirudi nyumbani amechoka kuliko siku ya kumwaga zege. Akamwambia mama, "Wamenisamehe mimi, lakini boriti haijatubu." Kwa gharama yake akakodi nguzo za chuma, akazisimamisha chini ya roshani kwa mikono yake, akiwa mtu wa karibu miaka sabini. Zilikaa hadi ikaja harusi ya kijana mmoja wa hapa. Bibi harusi hakupenda vyuma kwenye picha zake. Nguzo zikatolewa Ijumaa, kwa ahadi ya kurudishwa Jumatatu. Hazikurudishwa. Baba alipozikuta zimelazwa nyuma ya vyoo, aliketi juu yake akacheka mpaka akakohoa. Akaniambia, "Mwanangu, hawa wamenizidi nini? Na mimi nilikuwa na harusi."

Baada ya hapo alifanya lililobaki. Alikwangua plasta kidogo, akagandisha kipande chembamba cha kioo juu ya ufa, upande mmoja na mwingine, kwa saruji. Mafundi wa zamani hufanya hivyo. Kioo hakijui kunyumbuka, kwa hiyo ukuta ukisogea hata kidogo, kinakatika. Alikiita shahidi. Akahamia benchi la chini ya roshani, palepale katikati, na hakuruhusu mtu mwingine kukaa hapo. Watoto wa shule ya Jumapili walidhani babu anawanyima nafasi kwa uchoyo. Aliketi hapo kila ibada, akitusikiliza tukiimba juu ya kichwa chake.

Vumbi la saruji lilimdai mapafu yake mwaka 2024. Alianza kwa kikohozi, kisha akashindwa kupanda ngazi, kisha akashindwa kulala chali. Alilazwa mara tatu. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, hasa muuguzi mmoja wa zamu ya mchana aliyekubali kitanda chake kiwekwe kibao chini ya mguu mmoja, maana mgonjwa alikataa kulala kitanda kilichoinama.

Mwezi uliopita alinituma. "Nenda kamwangalie shahidi." Nilikwenda baada ya mazoezi, kanisa likiwa tupu, nikasimama juu ya benchi lake. Kioo kilikuwa kimekatika katikati, safi, kama kilichokatwa kwa almasi. Kipande kimoja kilikuwa kimeanguka pale alipokuwa akikaa. Nilirudi hospitali nikitunga namna ya kumdanganya. Nilipofika mlangoni alinitazama usoni, akauliza, "Kimekatika?"

"Kimekatika, baba."

"Basi boriti imeanza kutembea." Akafumba macho. Akasema, "Jeneza langu lisiingie mle. Wakiingia kwa ajili yangu wakafia mle, nitamwambia nini Bwana wangu?"

Nilimpelekea mwenyekiti habari ya kioo siku hiyohiyo. Alinisikiliza kwa heshima, akasema mhandisi ataitwa, ila baada ya jubilei ya kanisa, kwa sababu rangi imeshapakwa na wageni wamealikwa.

Baba yetu alifariki dunia siku ya Alhamisi, tarehe 3 Septemba 2026, saa nne asubuhi, mama akimshika mkono. Alikuwa na amani kuhusu nafsi yake. Alituambia hivyo, na ninamwamini. Hakuwa na amani kuhusu nyinyi.

Ameacha mjane, watoto wanne, wakwe watatu, wajukuu tisa, dada mmoja, na mafundi aliowafundisha ambao sitaweza kuwataja wote. Wajukuu wake wawili wako kwenye kwaya ya watoto.

Ratiba mliyoshika inaishia hapo. Haya yanayofuata hayakuchapwa, na mama, nisamehe.

Jumapili hii inayokuja, tarehe 13, kanisa linatimiza miaka hamsini. Mmealika kwaya tatu. Pamoja na yetu na ya watoto zitakuwa tano, na zote zimepangiwa kusimama roshani kwa wakati mmoja, kwa wimbo wa kufungua. Roshani ile haijawahi kubeba watu wengi hivyo tangu siku ilipojengwa.

Mimi ni katibu wa kwaya. Mlango wa ngazi ya roshani una kufuli moja na funguo mbili. Mmoja hukaa kwangu, na wa pili ulikuwa kwa mtunza kanisa. Nilimwomba jana, akanipa bila kuniuliza kitu. Wakati tunamvisha baba suti yake nilizitia zote mbili kwenye mfuko wa koti, upande wa moyo, na kaka akafunga jeneza. Najua kufuli linaweza kukatwa. Atakayelikata, alikate akijua.

Kwa hiyo nauliza mara moja tu, kwa heshima zote. Mzee mwenyekiti, wazee wa kanisa, na mtu yeyote anayetaka watoto wapande kule Jumapili, aje hapa mbele sasa hivi, afungue jeneza mbele ya mama yangu, aingize mkono, azichukue. Hakuna atakayemzuia. Nitasubiri.

Kama hakuna, basi wabebaji karibuni, tumshushe kaburini. Baba, sasa pumzika kwa amani.