Tovuti Imefungwa, Kindness Hatoki

Benchi letu liko karibu na stendi ya Moshi, ubavuni mwa kibanda cha Khalid, fundi simu tunayemwita Antena. Kahawa anauza Seleman, ambaye kwa kupenda kutoa hukumu tunamwita Hakimu. Yupo pia Hosea, Nusu Mchungaji, aliyeacha chuo cha Biblia katikati. Mimi nakaa mwisho wa benchi, na asubuhi hiyo nilikaa na hasira. Kindness, fundi cherehani wa mlango wa pili, mama wa watoto wawili, amejifungia kwa wazazi wake Masama tangu Filemon, mwanamume waliyeachana, aiweke video yao ya chumbani kwenye tovuti ya watu wazima. Antena akaja na habari.

— Ile tovuti kwisha. Ukifungua, hola.

— Kaifunga nani? Hakimu akauliza.

— Kampuni iliyowasajilia jina la tovuti. Wenye tovuti waliambiwa walete kumbukumbu za kila anayeonekana mle: umri, kitambulisho, na kwamba karidhia. Hawana. Jina likachomolewa.

— Kwa hiyo si kwa ajili ya Kindness, nikasema.

— Kwa ajili ya makaratasi. Lakini si imefungwa?

— Basi yameisha, akasema Nusu Mchungaji. Na juzi wazee wa kina Filemon wamepeleka jani la isale Masama. Kwetu ukiletewa isale kuombwa msamaha, hukatai. Baba mtu kapokea.

— Kindness mwenyewe aliulizwa? nikasema.

— Aulizwe nini, wakati mzee kashapokea?

Kuna siku benchi hili linanichosha kuliko kazi.

— Sasa zile video zimekwenda wapi? Hakimu akauliza.

— Zinarudi kwenye simu ya Filemon, akasema Nusu Mchungaji. Wahenga walisema, mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

— Wapi. Zinajifuta zenyewe kama bando lililoisha muda, akasema Antena. Dunia nzima, hadi kwenye simu za watu.

— Mimi nasikia ile waya ya chini ya bahari wameikata kipande, akasema Hakimu. Kile chenye uchafu tu.

— Kindness arudi kazini, akasema Nusu Mchungaji. Yaliyopita si ndwele.

Hapo akatokea mama mmoja na kitenge begani. Ni Mama Elisifa, mama yake Kindness, ameshuka kutoka Masama kuchukua cherehani ya binti yake. Tukasimama wote.

— Shikamoo mama.

— Marahaba, wanangu.

Nusu Mchungaji hakuweza kungoja.

— Mama, tovuti imefungwa. Mwambie Kindness arudi, hakuna anayemwona tena.

Mama Elisifa akatutazama mmoja mmoja, taratibu.

— Mimi simu yangu ni ya tochi, sijaona kitu. Baba yake hajaona. Kindness anasema mle hakuandikwa jina lake wala mji wake. Nyinyi mlijuaje kwamba ni yeye?

Antena akaigeuza simu yake kifudifudi juu ya benchi. Hakimu akamimina kahawa kwenye kikombe kilichokuwa kimejaa. Nusu Mchungaji, mwenye neno kwa kila jambo, akainama kufunga kamba za viatu. Na mimi nikaisukuma simu yangu chini zaidi mfukoni.

— Basi nisaidieni kupakia hiyo cherehani, akasema. Hatarudi.

Tukaibeba wote wanne, cherehani ambayo mtu mmoja angeiweza.