Ndoo ya Waziri

Bomba la mtaa lilikuwa limekauka tangu juzi, na Shangazi, muuza kahawa, alibakiwa na ndoo moja tu ya maji. Aliiweka chini ya benchi, kaifunika sinia: hayo yalikuwa ya kumwogesha binti yake, aliyejifungua usiku na bado alikuwa ndani amelala. Kahawa ya leo ni iliyomo kwenye birika, basi. Lakini wateja wake siku hiyo walikuwa wameamkia habari za maji.

— Redio imesema kikombe kimoja cha kahawa kinakula lita mia na ushee za maji! alianza fundi cherehani, anayeitwa Waziri kwa kuwa hakuna asilolijua.

— Hiki hiki? Kinyozi alikikodolea macho kikombe chake. Shangazi, kumbe anayetumalizia maji ni wewe!

— Ni huko shambani, bwana, kwenye mibuni, Waziri alimsahihisha.

— Na pamba je, hainywi? Wewe na mashati yako umekausha mto mzima!

— Afadhali mimi. Kuna nchi hazina mvua, zinaagiza matunda kwa wenzao. Maji yanapanda ndege ndani ya chungwa!

— Ala! Sisi tunalikagua bomba, kumbe maji yako angani!

Shangazi aliwapa mgongo, akapepea jiko. Walimchosha. Tangu juzi hakuna hata mmoja aliyejitolea kumbebea dumu.

— Tuseme ndoo hii ndiyo dunia, Waziri alisema nyuma yake. Mafungu kumi. Saba, kilimo!

Shangazi akasikia maji yakimwagika. Akageuka.

— Mawili, viwanda! Waziri alimwaga tena. Haya, hiki kilichobaki ndicho cha majumbani. Mnaona tunavyoonewa?

— Waziri! Maji ya mzazi hayo!

Alitaka kumchapa na pepeo, alitaka kulia, hakujua aanze na lipi.

Mlango ukafunguliwa. Akatoka mkwe wake, mama wa mume wa binti, aliyekuja kumpokea mjukuu. Mikono ya gauni kaikunja tayari.

— Mkwe, lete maji. Mzazi ameamka.

Shangazi aliinamisha uso. Aibu gani hii, tena mbele ya mkwe!

— Yamekwenda kilimo, mama, Waziri alinong'ona.

Mkwe aliliangalia tope, akawaangalia wao.

— Mmelima nini?

Kinyozi alichungulia kikombe chake.