Popo, Aliyeijenga Upya Ngome

Ndugu, jamaa, majirani na mliofanya kazi na marehemu, familia imempa dada yake mkubwa jukumu la kuwasomea maisha yake, si kwa sababu ana sauti nzuri, bali kwa sababu walizaliwa wawili tu na hakuna mwingine aliyebaki wa kusoma, kwa hiyo akikwama njiani mumvumilie.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Popo, alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1979, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga iliyopakana na kiwanda cha sabuni, mtoto wa baba fundi cherehani na mama mpishi wa shule, na mama alikuwa akisimulia kwamba alizaliwa kimya kabisa, mkunga akamchapa makofi mawili ndipo akalia, na tangu siku hiyo hakuna aliyemsikia akipaza sauti.

Alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1986 hadi Novemba 1992, hesabu akishika namba moja na insha akivuta mkia, na ni katika miaka hiyo, Desemba 1989, baba alipoleta nyumbani mashine ya gemu iliyokwisha kutumika, yenye kaseti moja ya gemu na pedi moja ya kushika mkononi na kuchezea. Gemu yenyewe ilikuwa ya mtu mwenye taa anayepanda ngome ya kale iliyo juu ya jabali, akiruka makaburi, ngazi zilizobomoka na mapopo wasio na adabu, mpaka kwenye mnara wa saa anakoishi bwana wa ngome aliyegoma kufa, na ugumu wake ni kwamba ukisharuka umeruka, huwezi kugeuka ukiwa hewani hata kama unaliona shimo linakungoja. Kwa kuwa pedi ilikuwa moja, watoto hao waliwekeana sheria, anayekufa anamkabidhi mwenzake pedi, anasogea kwenye mkeka na kumpisha, na dada yake, jamani, alikufa kwa mapopo kila siku, ilhali huyu mdogo alijua kila popo anatokea wapi, ndipo jina likamganda.

Tarehe 20 Aprili 1996 dada yake aliolewa na kuhamia mji wa mbali, safari ya kutwa nzima kwa basi, wakiwa hawajawahi kufika juu ya mnara, na mabegi yakiwa yameshapakiwa alimwambia mdogo wake asithubutu kumaliza peke yake, angekuja mwisho wa mwaka wamalize pamoja. Hakuja. Alikuja mwaka 2003 kumzika baba na mwaka 2011 kumzika mama, na mara zote mbili aliondoka siku ya pili, ana watoto, ana duka, ana haraka, na marehemu alimsindikiza hadi kituoni bila kumkumbusha lolote.

Baada ya kumaliza sekondari mwaka 1998, marehemu alifanya kazi ya kutengeneza runinga na redio, akajifunza kuandika programu za kompyuta katika masomo ya jioni, na tarehe 12 Februari 2007 akaajiriwa katika kampuni ya kutengeneza gemu, ghorofa ya tatu, meza ya pembeni iliyotazama ukuta, ambayo aliichagua mwenyewe. Alifunga ndoa tarehe 5 Septemba 2009 na muuguzi aliyepo hapa leo, wakaachana mwaka 2014 bila ugomvi wala kesi, na muuguzi huyo mwenyewe ameiruhusu familia iseme kwamba kuishi na Popo kulikuwa sawa na kuishi na mpangaji mwenye heshima, anaosha vyombo, anasalimia, anaingia chumbani. Hawakujaliwa mtoto.

Juni 2018 kampuni ilipewa kazi ya kuijenga upya gemu ile ile ya ngome kwa ajili ya mashine za kisasa, na mtu asiyewahi kuomba kitu akasimama mbele ya mkubwa wake na kuiomba. Alileta kutoka nyumbani runinga ya zamani na mashine ile ya kaseti, akaupima kila mruko kwa saa ya mkononi, na vijana walipotaka mwenye taa aweze kugeuka hewani kama gemu za siku hizi alikataa katakata, akisema mtu akishaondoka ameondoka, mpaka wakakubaliana mchezaji achague mwenyewe mwanzoni. Kila chumba cha ngome alikijaribu, isipokuwa cha juu mnarani, hicho aliwaachia wenzake, wakamtania kwamba anamwogopa bwana wa ngome, naye akacheka tu.

Novemba 2019 madaktari waligundua figo zake zimechoka, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki huku kazi ikiendelea, gemu ikatoka tarehe 30 Agosti 2021, na siku hiyo alimpigia simu dada yake kumuuliza atakuja lini, naye akajibu kwamba atakuja, akishafunga hesabu za mwaka za duka. Marehemu hakusema kwamba anaumwa, na dada hakuuliza. Alifariki Jumatatu, tarehe 9 Mei 2022, saa nne na dakika ishirini asubuhi, katika wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani, na aliyekuwa pembeni yake ni mfagizi wa zamu.

Juzi mfanyakazi mwenzake alifika msibani na karatasi moja. Katika ofisi yao wakaguzi huandika kila kasoro ya gemu na mhusika hujibu kwa maandishi, na mkaguzi aliandika kwamba mwenye taa akiachwa bila kuguswa mlangoni mwa mnara, baada ya dakika moja anakaa kwenye ngazi, kisha anasogea pembeni mwenyewe, jambo ambalo gemu ya zamani haikuwa nalo. Marehemu alijibu kwa mstari mmoja, si kasoro, anampisha dada.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, mfagizi yule aliyemshika mkono, majirani waliomletea maji na chakula bila kuitwa, na wenzake wa ghorofa ya tatu, ambao jana waliiwasha gemu chumbani kwake na kumpa dada yake pedi. Dada alifika mlangoni mwa mnara baada ya kuuawa na mapopo mara kumi na tisa, akaiweka pedi chini, akangoja, na ile dakika ikapita, na mwenye taa akakaa, akasogea.

Nimechelewa, mdogo wangu. Miaka ishirini na sita umenishikia nafasi, na sikukuuliza hata kama unaumwa. Pumzika kwa amani, Popo, usisogee tena.