Ndila Kyengo, Mama Sauti Nne (1984–2025)

"Anti, mbona ukiambiwa umekosea unafurahi?"

Nilimuuliza marehemu swali hilo nikiwa na miaka minane, jikoni kwake Gitothua. Mwalimu wa kwaya fulani alikuwa amepiga simu kulalamika kwamba programu ya Anti ya kuchapa nota imemharibia wimbo, naye Anti akaanza kuimba huku akimenya viazi. Alinipa kiazi nimenye.

Marehemu Ndila alizaliwa tarehe 9 Machi 1984 huko Kithimani, Yatta, mtoto wa tatu wa Mzee Kyengo na Mama Kaveke. Mwaka 1990 baba yake alipata kazi ya kiwanda Thika, familia ikahamia Makongeni. Hapo ndipo aliposomea shule ya msingi na kuanza kuimba alto kanisani. Alifanya mtihani wa KCSE mwaka 2002, akapata diploma ya kompyuta mwaka 2006, kisha akafundisha somo hilo katika chuo kimoja cha Ruiru hadi alipougua.

Tarehe 20 Agosti 2011 alifunga ndoa na Eddie Kagwe wa Gitothua, mwimbaji wa besi. Walijaliwa watoto wawili, Wamboi na Kyengo.

Mwaka 2014 aliitumia kwaya nota za wimbo wa Ijumaa Kuu kwa simu. Kila palipokuwa na nukta mbili na herufi d, yaani noti ya do, simu iliweka uso unaocheka. Karatasi zikachapishwa hivyo hivyo, wimbo wa msalaba umejaa vicheko. Mwalimu Maluki, kiongozi wa kwaya, aliuliza kama ni alto peke yao wanaotakiwa kucheka ama ni kanisa lote. Anti alicheka mpaka akakaa chini. Wiki hiyo alianza kuandika programu ya kompyuta ya kuchapa nota, akaiita Sauti Nne.

Mwingine angeiuza. Yeye aliiacha wazi: yeyote aichukue, aifungue aone ilivyoandikwa ndani, airekebishe, na marekebisho yawarudie wote. Alipoitembeza kwa kwaya za Thika na Ruiru, watu waliiogopa. Mwalimu Maluki mwenyewe alimvuta kando: "Ndila, kitu ya bure hivi, hujaiba mahali?" Anti alimweleza kuwa hii ni mwethya, kama watu wa Yatta wanavyolima shamba la mmoja leo na la mwingine kesho. Anko Eddie alisema kwao hiyo huitwa ngwatio, na jina hilo walilibishania mpaka mwisho. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi sebule yao ilijaa watu na laptop, sahani za muthokoi juu ya magoti. Hapo ndipo Aoko, soprano kutoka Kiandutu, alipojifunza kuandika programu. Leo Sauti Nne iko kwa kwaya nyingi ambazo Anti hakuwahi kuzisikia zikiimba.

Mwaka 2023 alipatikana na saratani ya matiti, akatibiwa Thika na Nairobi. Hakuficha alichohofia: kwamba Sauti Nne ingezikwa naye, kwa sababu kila rekebisho lilipitia kwake na hakuna aliyethubutu kumpinga. Mwaka jana alimkabidhi Aoko kazi ya kukubali au kukataa marekebisho ya mtu yeyote. Alituacha nyumbani Gitothua, Alhamisi tarehe 12 Juni 2025, Anko Eddie akimwimbia besi polepole.

Ameacha mumewe Eddie, watoto Wamboi na Kyengo, mama yake Kaveke, dada zake wawili, na wapwa, nikiwemo mimi Mwongeli. Pumzika kwa amani, Anti. Alto yako tumeishika.

Mwezi Mei, kabla hajatuacha, nilimkuta Anti kitandani na laptop, anaimba. Alikuwa ametuma rekebisho lake mwenyewe, na Aoko alikuwa amelirudisha, akimweleza kwa heshima kwamba linaharibu uchapaji wa ubeti wa pili. Anti alinigeuzia laptop nisome.

"Uliniuliza mbona nafurahi," alisema. "Si unaona? Wamenikataa. Sasa hata nikilala, itaendelea."