Fundi Yoramu Ndahani wa Makole, na Mstari wa Kufuta Ukurasa wa Pili

Mchungaji, mama yetu Zipora, shemeji Loisi, wazee wa Hombolo, majirani wa Makole na madereva mliokuja na pikipiki zenu, nawasalimu kwa Kigogo chetu, mbukwenyi. Naitwa Joshua, mdogo wa marehemu. Nimepewa kazi ya kusoma maisha ya kaka yangu. Sehemu kubwa mnayo kwenye ratiba mikononi mwenu. Kuna mahali nitatoka nje ya karatasi, naomba mnivumilie.

Marehemu Yoramu Elia Ndahani alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 hapa Hombolo, akiwa wa kwanza kati ya watoto wawili wa mzee Elia Ndahani, aliyetangulia mwaka 2011, na mama Zipora. Mama anasema alichelewa sana kuongea ila masikio yake yalikuwa makali. Akiwa na miaka sita alimwambia baba kuwa baiskeli "inalia huku nyuma", na baba alipoigeuza miguu juu alikuta kweli tairi linasugua chuma.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini na kumaliza darasa la saba mwaka 1994. Alifaulu kwenda sekondari, lakini mwaka ule uwele ulikauka shambani na ada haikupatikana. Alianza kuziba pancha za baiskeli gulioni. Miaka michache baadaye mdogo wake alipofaulu, ni pancha hizo zilizomsomesha. Mdogo huyo leo ni karani wa serikali, anavaa tai, na ndiye anayewasomea.

Mwaka 2008, pikipiki zilipoanza kujaa mjini, marehemu alifungua kibanda chake Makole. Hakuwa fundi wa kukimbilia spana. Ukimletea pikipiki iliyogoma, alikuuliza kwanza ilizima vipi: ghafla, au kwa kukohoa? Ilikuwa ya moto, au umetoka kuiosha? Halafu alifuata mstari wake wa siku zote, mafuta, moto, hewa. Alitazama koki ya tanki kama iko wazi. Alichomoa plagi, akaigusisha kwenye chuma cha injini, akapiga kiki na kutazama cheche. Ikiwa ya bluu alitabasamu, ikiwa nyekundu na legelege alianza kufuata waya. Plagi ikitoka nyeusi kama masizi ya sufuria, alikwenda moja kwa moja kwenye chujio la hewa, akalikung'uta, na vumbi la Dodoma likamwagika miguuni pake. Na mteja akisema, "Fundi, ilikuwa inazima lakini siku hizi imeacha," yeye alijibu, "Pikipiki haiponi yenyewe. Ubovu umejificha tu."

Siku moja alikuja bwana mmoja msomi, anasukuma pikipiki kutoka Chimwaga, shati limelowa jasho mpaka mgongoni. Kijiweni palikuwa na madereva kama kumi, wameshaanza kucheka. Marehemu aliona mara moja kwamba bwana yule alikuwa amebonyeza kitufe cha kuzimia injini na kukisahau. Alichomoa plagi, akaifuta kwa uangalifu, akairudisha, na wakati anainuka akakisukuma kile kitufe kwa kiwiko. Pikipiki ikawaka. "Plagi ilishika uchafu kidogo, mzee," akamwambia huku akitabasamu. Baadaye nilimuuliza kwa nini asimwambie ukweli. Alinijibu, "Ameshasukuma kilomita zote hizo, Joshua. Na aibu tena abebe?"

Tarehe 22 Septemba 2007 alifunga ndoa na Loisi, binti wa Makutupora. Walikutana kwenye mashamba ya zabibu, ambako Loisi alikuwa kibarua wa kuvuna na Yoramu aliitwa kutengeneza pampu ya maji. Shemeji anasema pampu ilipona siku ya kwanza, lakini fundi aliendelea kuja kuikagua wiki tatu. Walijaliwa watoto wawili, Paulina na Fabian.

Sasa naomba mfungue ukurasa wa pili. Pameandikwa: "Mwezi Juni 2021 marehemu alifunga kibanda kwa hiari yake ili kupumzika." Mstari huo niliuandika mimi, na ni uongo.

Februari mwaka ule kaka alinifanyia sevisi ya pikipiki yangu. Wiki moja baadaye nilifunga taa za urembo na king'ora, mimi mwenyewe, kwa kutazama video ya dakika sita kwenye simu. Niliunga waya pale shingoni, chini ya usukani, nikazungushia selotepu. Pikipiki ikaanza kuzima. Dereva mmoja akanidokeza kwamba mafundi wana tabia ya kuchomoa kile kiboksi cheusi cha kugawa moto wa plagi, cha orijino, na kukuwekea cha bandia. Nilimwamini dereva nisiyemjua jina.

Jumamosi tarehe 6 Machi nilikwenda kijiweni, mbele ya watu wote, nikasema, "Kaka, umeniibia spea." Wengine mlikuwepo. Yeye aliweka spana chini, akasema, "Ilete hapa, Joshua, tuanze upya. Mafuta, moto, hewa." Nikamjibu simwachii tena mwizi pikipiki yangu.

Jumanne tarehe 16 niliipeleka kwa fundi mwingine, Masudi. Aliwasha, akakata usukani kushoto, ikazima. Akaurudisha, akawasha tena, ikawaka. Alifungua selotepu yangu na kunionyesha waya umekatika ndani ya ganda lake. Ukinyoosha usukani ncha zinagusana, ukikata kona zinaachana. Kile kiboksi kilikuwa kilekile cha orijino. Nilimwomba Masudi asimwambie mtu. Nilijiambia maneno yatapoa yenyewe.

Hayakupoa. Madereva walihamia vibanda vingine. Fabian alirudi kutoka shule akilia kwa kuitwa mtoto wa mwizi. Shemeji, hata wewe ulimuuliza kama ni kweli, na ulikuja kuniambia kwamba umemuuliza. Nilikuwa nimekaa kwenye kochi lako, nakunywa chai yako, ukweli ninao, nikanyamaza. Tarehe 30 Juni alifunga kibanda na kwenda Makutupora kutengeneza pampu.

Mwaka 2024 aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo. Aliuguzwa kwa miezi kumi na sita, na kwa muda wote huo Loisi hakuondoka kando yake. Nilikwenda kumwona mara nyingi, kila mara nimejipanga kusema, na kila mara niliishia kuongelea mvua.

Jumapili tarehe 1 Juni mwaka huu aliniuliza, "Joshua, pikipiki yako ukikata kona kushoto, bado inazima?"

Sikuwahi kumwambia habari ya kona. Kumbe madereva walikuwa wamemsimulia nilivyokuwa nazimikiwa kwenye kona, naye alikuwa ameshajua ni waya wa shingoni, tangu mwanzo, bila kuigusa. Miaka minne alikuwa na jibu la kunyamazisha kijiwe kizima, na hakulitoa.

Nikamwambia, "Ilipona, kaka."

"Nani alitengeneza?"

Nikasema ilipona yenyewe. Alinitazama, akatabasamu kama alivyomtabasamia yule bwana wa Chimwaga, akaomba maji.

Alifariki Jumanne tarehe 10 Juni 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka arobaini na sita.

Marehemu ameacha mama, Zipora, mke, Loisi, watoto, Paulina na Fabian, na mdogo mmoja, Joshua.

Mwenye kalamu naomba afute ule mstari wa ukurasa wa pili. Fabian, wewe njoo uchukue karatasi yangu, juu yake uandike hivi, kwa mwandiko wako, uiweke nyumbani: Yoramu Ndahani hakuiba. Shemeji, jibu la swali lako ni hapana.

Kaka, haikupona yenyewe. Sasa pumzika.