Walburga Häfele na Mwanga Ulioandikwa "Hapana"

Wasikilizaji wapendwa, wekeni vijiko chini kidogo. Jumanne iliyopita, hapa kwetu milimani, alifariki Bi Walburga Häfele, mshona mashati, akiwa na miaka sabini na tisa. Alifariki kitandani mwake, baada ya kumkosoa mchungaji jinsi alivyofunga mlango.

Walburga alizaliwa akiona. Kisha ugonjwa ukaanza kumla retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Ulianza pembeni, ukaingia katikati. Alipofika miaka arobaini na miwili, hakuona tena. Aliendelea kushona. Vifungo alivikagua kwa ncha ya ulimi, na hakuna shati lililowahi kurudishwa.

Aliishi na mdogo wake, Eugen, mwenye macho mazima. Shikeni hilo, wasikilizaji: dada retina mbovu, mdogo wake retina nzima.

Miaka kumi na miwili iliyopita, hospitali moja ilitafuta ndugu wa namna hiyo. Madaktari walitaka kuamsha retina kwa umeme kidogo, walinganishe nzima na mbovu. Mgonjwa ambaye angeona mwanga wowote angewekewa kibao cha umeme ndani ya jicho, kidogo kama punje ya dengu, pengine aone tena. Asiyeona, basi. Walburga alikitaka kibao hicho. Hakusema. Alipiga pasi gauni lake la Pasaka, likiwa bado safi.

Eugen alitangulia. Waya mwembamba kama uzi ukagusa jicho lake, umeme ukapita kidogo tu, naye akatangaza kwamba ameona pete ya buluu.

"Usijisifu," Walburga alimwambia kutoka kiti cha pili. "Hata mbuzi wa jirani ana retina nzima."

Ikafika zamu yake. Mtafiti, Bi Petersen, alikuwa binti wa pwani ya kaskazini. Akapandisha umeme.

"Unaona nini, Bi Häfele?"

"Sina la kulalamika."

Akapandisha tena. "Na sasa?"

"Sina la kulalamika."

Mara thelathini. Kwetu, mtu akisema hivyo, ujue furaha imemzidi. Kwao kaskazini, mtu akifurahi husema amefurahi. Bi Petersen aliandika "hapana". Mara thelathini, "hapana".

Barua ilifika wakati wa chakula cha mchana. Eugen akaisoma: retina haikuitikia, kibao hapati.

Walburga akasukuma sahani. "Barua hiyo inasema uongo."

"Kwani uliona?"

"Kila mara. Kama mtu anawasha kiberiti nyuma ya pazia."

"Mbona hukusema, dada?"

"Nilisema."

Eugen anatusimulia: "Nilimwambia, dada, wewe ni kichwa maji. Akaniambia nimalize dengu kwanza."

Kesho yake Eugen alimrudisha hospitali, akamweleza Bi Petersen lugha ya milimani. Yule binti aliona haya, akapanga jaribio upya. Kengele ingelia mara mbili. Umeme ungefuata mlio mmoja tu. Walburga aseme: wa kwanza, au wa pili. Walirudia mara ishirini na nne. Zote ishirini na nne alipatia.

"Si ungesema tu 'ndiyo' tangu mwanzo," Bi Petersen alimwambia.

"'Ndiyo' husemwa kanisani, siku ya harusi. Mimi sikuolewa."

Kibao kikawekwa. Wiki ya tatu, Eugen alikuwa amesimama dirishani jikoni.

"Eugen, sogea. Unaziba mwanga."

"Umejuaje kuwa ni mimi?"

"Naona kitu cheusi, kipana kama kabati. Ulikuwa mwembamba wewe."

Hakuwa amemwona kwa miaka ishirini na mitano. Eugen anasema alitokwa na machozi kwa sababu ya vitunguu. Siku hiyo, tumethibitisha, hapakupikwa vitunguu.

Kibao kilifanya kazi miezi kumi na mmoja, kisha waya ukakatika. Madaktari walitaka kumpasua tena. Akakataa. "Nilichotaka kukiona nimekiona," alisema. "Na kimenenepa."

Tunampa pole Eugen, aliyeomba tusimsifu dada yake kupita kiasi. Tumejitahidi. Tunampa pole pia Bi Petersen, aliyesafiri siku nzima kuja kuzika.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, kama kuna mtu ameketi chumbani nanyi sasa hivi, inueni macho mmtazame. Si lazima mseme kitu.